Nondo na Kosa la Gurudumu

Asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Chizuru alikuwa na kazi moja: kwenda bandani nyuma ya nyumba na kumwambia bibi yake ni nondo wangapi wametoka usiku. Msimu wa mvua ulikuwa ukingoni, paa la bati bado lilidondosha maji, na ndani ya banda kulinuka majani makavu ya mforsadi, chakula cha viwavi wa hariri. Nondo wenyewe walikuwa weupe, wanene, wenye manyoya shingoni. Hawaruki na hawali chochote. Wakishatoboa vifukofuko vyao huishi siku chache tu, na siku hizo zote wana shughuli moja: dume amtafute jike, jike atage mayai, basi.

"Wangapi leo?" aliuliza Bibi Fusae bila kugeuka.

"Vimetoka vinane, Bibi."

"Vi-nini?"

Chizuru akajing'ata ulimi. "Wametoka wanane."

"Haya. Nilidhani unanihesabia vifungo vya shati."

Katika mkoa ule wa milimani, ambako zamani kila nyumba ilifuga viwavi wa hariri, kila kitu kina neno lake la kuhesabia. Penseli zina neno lake, karatasi zina lake, na vitu vidogo kama betri na vifungo vina lake. Viwavi wa hariri na nondo wao huhesabiwa kwa neno lile lile la farasi na ng'ombe. Wala wazee hawawataji kavukavu, bali huwaita waheshimiwa. Waheshimiwa wamekula? Waheshimiwa wamelala? Mgeni akipita nje angedhani ndani kuna mawaziri.

Siku hizi waliobaki wakifuga kijijini walikuwa wawili tu, Bibi Fusae na Mzee Hoshino wa ng'ambo ya kijito. Tena viwavi wa Bibi walikuwa wa aina ya zamani, wenye vifukofuko vidogo vilivyobana kiunoni kama ganda la karanga. Mbegu yao aliipokea kwa mama mkwe wake, na haikupatikana popote pengine. Kila mwaka Bibi alichemsha vifukofuko vingi na kuvuta hariri yake, kisha vile vizuri kuliko vyote aliviacha ili nondo watoke na kutaga mayai ya mwaka ujao. Mayai yakikosekana mwaka mmoja tu, mbegu imekwisha.

Ndiyo maana ilimchukua Chizuru muda mrefu wa kubembeleza hadi Bibi akakubali kumwazima madume watatu kwa ajili ya klabu ya sayansi.

"Watafanya nini huko shuleni?" Bibi alikuwa ameuliza.

"Wataendesha gari."

Bibi alicheka mpaka akaketi. "Mimi sina leseni, na waheshimiwa wanayo?"

Lakini ilikuwa kweli. Chizuru na mwenzake Teppei walikuwa wametengeneza kigari cha magurudumu mawili. Juu yake walifunga mpira wa tenisi ya meza unaozunguka kwa urahisi. Nondo dume alibandikwa mgongoni kwenye kipande chembamba cha karatasi, kwa gundi ya wali inayotoka kwa maji, na miguu yake ikagusa mpira. Akitembea, mpira unazunguka, nao mzunguko ule unasomwa na vipande viwili walivyovitoa kwenye vipanya vya kompyuta vilivyoharibika. Mota zikafuata: nondo akienda kulia, kigari kinakwenda kulia. Mbele ukiweka kikasha chenye jike, dume alinusa kwa vipapasio vyake viwili vilivyo kama vichana, akapiga mbawa, na kigari kizima kikaanza safari ya kumtafuta.

Teppei alikipenda kigari kile kupita kiasi. Shangazi yake alikuwa amefukiwa na nyumba kwenye tetemeko la ardhi, akatolewa akiwa hai baada ya watu kukata tamaa. "Mashine hainusi kama mdudu," alizoea kusema. "Tukiweza sisi kwa nondo, siku moja mtu mwingine ataweza kwa mdudu anayenusa watu." Hapo hakuwa na mzaha, ingawa kwa mengine yote alikuwa mtani wa kutupwa.

Bibi alikubali kwa sharti moja. Nondo warudi jioni ile ile, wote, kama walivyotoka.

*

Ijumaa ilikuwa siku ya kupiga video ya kupeleka kwenye mashindano ya mkoa. Kigari kilitakiwa kutoka mstari wa chaki hadi kwenye kikasha cha jike. Kilianza vizuri, kisha kikapinda kushoto na kugonga kabati. Wakarudia. Kikagonga kabati tena.

"Huyu dereva wako amelewa," alisema Teppei. "Jike yuko huku, yeye anakwenda kuoa kabati."

"Si dereva. Mashine yako ndiyo mbovu."

"Yangu? We Chizuru, mashine ikiharibika ni yangu, ikienda vizuri ni yetu?"

Mwalimu Kuribayashi alitazama saa ya ukutani. Alikuwa mtu mpole, mwenye chaki kwenye kila nguo yake. "Jaribuni mara moja zaidi. Kikikataa tutaiacha mpaka mwakani. Leo ndiyo siku ya mwisho kuituma." Akaitwa ofisini kupokea simu. Teppei akachukua betri na kukimbilia chumba cha pili kuzipima.

Chizuru akabaki peke yake na nondo. Alifikiria mwakani, ambapo wangekuwa wamehamia shule ya sekondari na klabu ingekuwa ya wengine. Alikumbuka pia jambo alilolisoma, kwamba dume akipoteza kipapasio kimoja hupinda kuelekea upande wa kile kilichobaki. Kigari kilikuwa kinapinda kushoto. Basi nondo akivutwa kulia, pande mbili zitasawazishana. Hesabu ilikuwa rahisi mno. Mkasi mdogo wa kukatia nyuzi ulikuwa pale pale mezani.

Hakuusikia mlio wowote. Kipapasio cha kushoto kilidondoka juu ya meza, chepesi kuliko unyoya wa nyusi. Nondo alirudi nyuma, na mpira ukazunguka chini ya miguu yake. Chizuru akapuliza kile kichana kikaanguka sakafuni.

Teppei aliporudi na mwalimu nyuma yake, waliwasha kamera. Kigari kilitoka kwenye mstari, kikayumba kidogo, kikanyooka, kikaenda moja kwa moja mpaka kwenye kikasha. Teppei alipiga kelele hadi watoto wa klabu ya muziki wakachungulia mlangoni.

"Mmerekebisha nini?" aliuliza mwalimu.

"Kidogo tu, Mwalimu. Nimemweka sawa."

"Nondo hajambo?"

"Hajambo," alisema Chizuru.

Teppei alimpiga kikumbo cha furaha. "Chizuru ana mkono wa daktari!"

Chizuru akacheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyostahili. Moyoni alijiambia kwamba ni mdudu tu, na kwamba nondo wale wangekufa baada ya siku chache hata hivyo. Alijiambia pia kwamba Bibi mwenyewe alichemsha maelfu. Maneno yote hayo yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililomtuliza.

Jioni alifika nyumbani na kuita kama kawaida, "Nimerudi!"

"Haya, karibu," alijibu Bibi kutoka bandani. "Wamerudi wote?"

"Wote, Bibi."

Aliwatia mwenyewe kwenye ungo wao, haraka, akamgeuza yule mmoja ili upande wake mbovu uelekee ukutani. Chakula cha jioni kilikuwa tambi nene za mboga, chakula anachokipenda, lakini alikula nusu bakuli akasema tumbo limejaa. Bibi akampa na yai lake. Chizuru akalazimika kulila.

*

Kesho yake asubuhi klabu ilikusanyika kusafisha vifaa. Teppei alikuwa amepindua kigari na kukichokoa kwa kibanio. Ghafla akaanza kucheka.

"Njoo uone! Kumbe huyu ndiye aliyekuwa amelewa!"

Kwenye ekseli ya gurudumu la kushoto palikuwa pamezongwa nyuzinyuzi nyeupe za hariri, zimekaza kama kamba. Bila shaka zilitoka bandani, zikanata kwenye gurudumu siku Chizuru alipolibeba gari nyumbani kumwonyesha Bibi. Gurudumu lilikuwa linavutwa nyuma muda wote. Teppei alizikata, akalisukuma kwa kidole, nalo likazunguka bila kusita.

"Lakini jana kilikwenda moja kwa moja," alisema Teppei, akikuna kichwa. "Na hizi nyuzi zilikuwemo. Kiliwezaje?"

"Sijui," alisema Chizuru.

Aliinama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari. Nondo hakuwa na kosa. Tangu mwanzo alikuwa akielekea kwa jike kama alivyopaswa, na lililokosea lilikuwa gurudumu. Chizuru angeweza kukipindua kigari na kukitazama chini, kazi ya kufumba na kufumbua. Badala yake alimkata aliye hai ili alingane na mashine mbovu. Aliona aibu kali, akaaga kwamba kichwa kinamuuma.

Alipofika nyumbani alisikia harufu ya moshi. Nje ya banda Bibi alikuwa amewasha moto ndani ya pipa la chuma, na kando yake alikuwa amepanga nyungo zote, pamoja na zile karatasi nyeusi ambazo majike walikuwa wanatagia mayai. Alikuwa amefunga kitambaa puani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Usije karibu," alisema. "Osha mikono kwanza. Umeshika nini leo?"

"Bibi, kuna nini?"

"Ugonjwa umeingia." Bibi alisema polepole, kana kwamba anatangaza msiba. "Kuna dume mmoja kule ndani anazunguka, anazunguka tu, jike yuko mbele yake na hamfikii. Kipapasio kimoja kimeoza chote, kimebaki kisiki cheusi. Mama mkwe wangu aliniambia dalili hizi. Mwaka ule waliodharau walipoteza viwavi wa bonde zima, maana ugonjwa wenyewe unapita kwenye mayai."

Chizuru alizitazama zile karatasi nyeusi. "Utachoma... na mayai?"

"Yote. Amekaa na wenzake kwenye ungo mmoja usiku kucha. Mzee Hoshino anaanza kulisha wapya keshokutwa, na kijito ni hiki hiki. Siwezi kumpelekea jirani ugonjwa kwa sababu mimi nina uchungu na mbegu yangu."

Akachukua karatasi ya kwanza. Mayai yalikuwa yamepangika juu yake, ya manjano, madogo kama punje za mtama. Chizuru akaelewa kwamba akinyamaza kwa muda mfupi tu, hakuna mtu atakayejua kamwe. Teppei asingejua, wala mwalimu. Ugonjwa ungelaumiwa, mashindano yangeendelea, na mbegu ya mama mkwe wa Bibi ingekuwa majivu.

"Bibi, simama! Si ugonjwa!"

"Chizuru, usinizuie..."

"Ni mimi! Nilimkata mimi. Kwa mkasi. Jana." Alikuwa amemshika Bibi mkono, karatasi ikiwa katikati yao. "Gari lilikuwa linapinda nikamkata kipapasio ili liende moja kwa moja. Nikamdanganya mwalimu. Nikakudanganya na wewe. Wengine wote ni wazima, Bibi, tafadhali usiwachome."

Bibi akautoa mkono wake. Alirudisha karatasi juu ya ungo, akaingia bandani, akatoka na yule nondo kwenye kiganja. Akavaa miwani yake ya kushonea na kumtazama kwa muda mrefu. Kisiki kilikuwa kimekatika sawasawa, kama majani yanavyokatwa kwa kisu. Kisha akachukua ndoo ya maji na kuuzima moto.

"Ingia ndani," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na Chizuru angependelea afokewe.

Wakakaa kwenye mkeka wa banda, nyungo zikiwa zimerudishwa mahali pake. Bibi alimweka nondo juu ya karatasi safi. Nondo akaanza kuzunguka kulia, kulia, kulia. Chizuru hakuweza kumtazama. Na kwa kuwa hatia ikimbana mtoto hutafuta pa kutokea, alisema neno alilokuwa amelificha tangu jana.

"Lakini hata wewe unawachemsha."

"Nawachemsha," alisema Bibi.

"Wakiwa hai. Wengi."

"Wengi sana. Tangu nilipoolewa hapa. Kila masika naenda hekaluni kuwaombea, na narudi nachemsha wengine. Sijawahi kukwambia mikono yangu ni safi." Bibi akavua miwani. "Lakini sijachemsha hata mmoja nikasema amelala. Na sijachemsha mmoja kwa kosa la sufuria."

Chizuru akaanza kulia.

"Unafikiri nilikataa awali kwa sababu gani?" aliendelea Bibi. "Si kwamba gari lenu ni baya. Yule Teppei aliponieleza habari za shangazi yake nilisema moyoni, haya, kama waheshimiwa wanaweza kufundisha watoto jambo kama hilo, waende. Ila nilijua kitu kimoja. Mtu akishamfunga mnyama kwenye mashine, baada ya muda anaona mashine tu. Punda kwenye kinu walimwona hivyo hivyo. Ndiyo maana nakusumbua na kuhesabu. Si adabu ya wazee tu ile."

Akasukuma simu kuelekea kwa mjukuu wake. "Mwalimu kwanza. Halafu mwenzako."

Mwalimu Kuribayashi alisikiliza bila kumkatiza. Mwishoni akashusha pumzi. "Niliuona mkasi mezani," alisema. "Niliona pia umegeuza uso. Sikuuliza, kwa sababu nami nilitaka video iende. Nitawaandikia waandaaji leo kwamba tunajitoa. Jumatatu utaeleza mbele ya klabu, na mimi nitaeleza upande wangu."

Teppei alikuwa mgumu zaidi.

"Gurudumu lilikuwa kazi yangu," alisema, na hakukuwa na utani hata chembe. "Ungeniambia tu nilifungue. Ungesema tu, Chizuru." Kisha akakata simu.

Chizuru akaiweka simu chini. Nondo alikuwa bado anazunguka, sasa kwa uchovu, akipumzika baada ya kila duara.

"Kipapasio kitaota tena?" aliuliza.

"Hapana."

"Atafanya nini basi? Hawezi kumpata jike."

"Hawezi. Njia yake umeikata wewe, kwa hiyo wewe ndiye utakayempeleka." Bibi alivuta ungo wa majike karibu, akaonyesha mmoja aliyetulia pembeni, ncha ya tumbo lake imeinuliwa. "Mchukue. Usimbane mbawa. Taratibu."

Chizuru alimnyanyua kwa vidole viwili. Alikuwa amewashika nondo tangu akiwa mtoto mdogo, lakini huyu alimwona kama anamshika kwa mara ya kwanza: uzito wake mdogo, miguu ikitafuta pa kukanyaga, manyoya ya shingo yakitetemeka kwa pumzi ya Chizuru mwenyewe. Akamweka karibu na jike. Nondo akapinda kulia akampita. Chizuru akamrudisha. Akapinda tena. Akamrudisha tena, sasa akimzibia njia kwa kidole chake, hadi ubavu wa dume ukagusa ubavu wa jike. Mbawa zikaanza kupiga upesi upesi, na dume akajishikiza kwa jike.

Bibi alikaa akiwatazama. "Sikiliza sasa, mjukuu wangu, maana sitarudia," alisema. "Mashine haiwezi kukukatalia, na haidhuriki. Huyu naye hawezi kukukatalia, lakini anadhurika. Kwa hiyo wa kusema hapana kwa niaba yake ni yule aliyeshika mkasi. Ukishindwa kusema hapana, na binadamu hushindwa, basi angalau sema nimekata. Sema siku ile ile, kabla mtu mwingine hajawasha moto kwa ajili yako."

"Ndiyo, Bibi."

"Na kuna majike wengine wanne wanangoja. Akishapumzika, utampeleka."

Mchana wote Chizuru alibaki bandani. Kila mara yule dume alipomwachia jike na kuanza kuzunguka, alimnyanyua, akamvusha, akamzibia njia kwa kidole. Mama yake alirudi kutoka kazini akamwita aje kula, akaita tena. Chizuru akajibu kwamba bado kuna jike mmoja hajampelekea dume.